Umeme wa Aina Mbili Kwenye Treni Moja: Ukimya Ule wa Farringdon Una Maana Gani?

*Swali: Kila asubuhi napanda treni ya Thameslink kwenda kusini mwa London. Tukifika Farringdon kiyoyozi kinanyamaza ghafla, nasikia mlio kama kishindo juu ya paa, halafu baada ya muda mfupi kila kitu kinarudi. Mwenzangu kazini ameniambia hapo ndipo treni inapotoka kwenye waya wa juu wenye volti 25,000 na kuingia kwenye reli ya pembeni yenye volti 750. Tangu aniambie sina raha. Je, kuna wakati umeme huu wa aina mbili unakutana ndani ya treni? Dereva akisahau kushusha ule mkono wa juu itakuwaje? Ni kweli treni ina mota za aina mbili? Na kwa nini wasiweke umeme wa aina moja njia nzima tukaepuka haya yote? Nasafiri na mwanangu wa miaka 6, naye hupenda kusogea ukingoni mwa jukwaa aone magurudumu.*

Nimekuelewa, na nakushukuru kwa kueleza ulichokisikia kwa utaratibu, maana masikio yako yamekupa habari sahihi. Nianze na lile linalokukosesha raha: hapana, umeme wa waya na umeme wa reli haukutani ndani ya treni hata kwa nukta moja ya sekunde. Ule ukimya unaokutisha ni muda ambao treni haijashika upande wowote. Imeachia wa kwanza, na haijaruhusiwa bado kushika wa pili. Ukimya usingekuwepo, hapo ndipo mimi mwenyewe ningeshuka kwenye treni hiyo.

Mlio unaousikia juu ya paa una vyanzo viwili. Cha kwanza ni breka kuu, swichi kubwa inayokata umeme wa volti 25,000. Inakata ndani ya chupa iliyoondolewa hewa, kwa sababu penye hewa cheche za volti nyingi kiasi hicho hukaidi kuzimika. Springi yake ina nguvu, na ikikata hutoa mlio wa ghafla kama mlango wa chuma uliobamizwa. Cha pili ni pantografu yenyewe, ule mkono wa juu, inapotua kwenye vilalio vyake. Pantografu huinuliwa na hewa iliyoshindiliwa. Hewa ikiachiwa, inashuka kwa uzito wake. Inapokuwa juu huusukuma waya kwa nguvu ya kama kilo 7 hadi 9 tu, na kinachogusa waya ni mkanda wa kaboni. Nimeshika mikanda mingi iliyotolewa baada ya kutumika. Uso wake huwa umelainika kama jiwe la mtoni, na waya hutandazwa kwa kupinda kushoto na kulia ili ulike mkanda kwa upana wote. Waya ungenyooka moja kwa moja, ungechimba mfereji katikati na kuukata mkanda vipande viwili.

Chini, pembeni mwa magurudumu, kuna kiatu. Ndivyo kinavyoitwa, na kweli kinafanana na soli: kipande cha chuma kilichotokeza nje ya fremu ya magurudumu, kinachoteleza juu ya reli ya tatu na kunyonya umeme. Waya wa juu una unene wa kidole. Reli ya tatu, kwa vipimo vya Uingereza, ina uzito wa kilo 50 hadi 75 kwa kila mita. Tofauti hiyo ya unene ndiyo inayoeleza kwa nini mifumo miwili iko tofauti kiasi hiki, kwa hiyo niruhusu nikae hapo kidogo.

Nguvu ya umeme ni volti mara ampea. Chukua treni inayohitaji megawati 3 ili iondoke kituoni kwa kasi. Kwenye volti 25,000 itavuta ampea 120. Treni hiyohiyo kwenye volti 750 itavuta ampea 4,000. Ampea ndizo zinazopasha chuma joto na kupoteza umeme njiani. Ndiyo maana reli ya tatu lazima iwe nene, tena ilishwe na vituo vya kupozea umeme vilivyopangwa kila baada ya kilomita chache, wakati waya wa juu unaweza kwenda makumi ya kilomita kabla ya kuhitaji kituo kingine. Isitoshe, umeme wa reli ni DC, unaokwenda upande mmoja tu kama wa betri, na wa waya ni AC, unaobadili mwelekeo mara 50 kwenda na kurudi kila sekunde. Haya ni mambo mawili yasiyoweza kuunganishwa kwa waya mmoja na yakabaki salama.

Sasa tuingie ndani ya treni, na hapa nirekebishe hilo la mota. Watu wengi hudhani treni ya namna hii imebeba seti mbili za mota, moja ya waya na moja ya reli. Haina. Mota ni zilezile. Katikati ya mfumo kuna sehemu ambayo mimi huwaeleza wanafunzi kuwa ni tangi, na tangi hilo huhifadhi umeme wa DC kwenye kapasita. Baada ya tangi kuna inveta, inayochota DC na kuigeuza kuwa AC ya kasi inayotakiwa na mota wakati huo, polepole treni inapoanza na haraka inapokimbia. Mota na inveta hazijui tangi limejazwa na nani. Kwenye waya wa juu, umeme hupita kwenye transfoma ukashushwa volti, kisha kwenye rektifaya ukafanywa DC, ndipo ukaingia tangini. Kwenye reli ya tatu, umeme tayari ni DC ya volti zinazofaa, kwa hiyo hupita kwenye koili ya kuutuliza na kuingia tangini. Transfoma yote hukaa bila kazi, mzigo wa tani kadhaa unaobebwa tu. Mabomba mawili, tangi moja.

Kazi yote ya kubadili ni kuhakikisha mabomba hayo hayafunguliwi kwa pamoja. Treni ikisimama Farringdon kuelekea kusini, mtiririko unakwenda hivi. Mota zinaachishwa kuvuta umeme. Breka kuu ya juu inakata, na hapo ndipo kiyoyozi kinanyamaza, kwa sababu kinakula umeme mwingi mno kuachiwa betri. Taa za dharura, redio, milango na kompyuta vinaendelea kwa betri, ndiyo maana gizani hamkai. Pantografu inashuka, na kihisi kinathibitisha kuwa imeshuka kweli. Swichi kuu inageuzwa kutoka upande wa AC kwenda upande wa DC. Treni kisha inapima kile kilicho chini ya viatu vyake: kuna volti? ni za DC? ziko kwenye kiwango kinachokubalika? Majibu yakiwa sawa, tangi linajazwa kwanza kupitia kizuizi kinachopunguza kasi ya umeme, kwani kapasita tupu likiungwa ghafla hunywa umeme kwa pupa na kuunguza kila kilicho karibu. Likishajaa, breka ya DC inaunga, na kiyoyozi kinavuta pumzi tena.

Uone kwamba hakuna hatua inayotegemea dereva kukumbuka peke yake. Swichi za pande mbili zimefungamanishwa: ya AC ikiwa imeunga, ya DC hainyanyuki, na kinyume chake. Kwenye treni nyingi ufungamano huu upo mara mbili, kwenye programu ya kompyuta na kwenye waya halisi, ili programu ikikosea chuma kikatae. Dereva akibonyeza kitufe cha reli mahali pasipo na reli, treni inapima, inakuta hakuna kitu, na inabaki ilivyo.

Na akisahau kushusha pantografu? Waya wa juu ukifika mwisho, pantografu hukosa cha kuisukuma chini, ikapanda hadi mwisho wa urefu wake. Ikikutana na daraja au paa la handaki itavunjika. Hilo ni hasara na linaweza kufunga njia siku nzima, ila haliwapi abiria shoti, kwa sababu mahali hapo waya wenye umeme umeshakwisha. Kulizuia kuna mabango njiani ya kumwonya dereva, kuna kifaa kinachoishusha pantografu yenyewe ikipanda kupita kimo chake, na mifumo ya karibuni hutumia balizi. Hiki ni kisanduku kilicholazwa kati ya reli, na treni ikipita juu yake hupokea ujumbe kwamba hapa ndipo pa kubadilishia. Farringdon wameongeza kinga nyingine ninayoipenda sana kwa urahisi wake: waya wa juu umeendelezwa hadi kituo kinachofuata, City Thameslink. Kwa kipande hicho cha njia kuna umeme wa aina zote mbili. Treni ikikataa kushika reli pale Farringdon, inaweza kusogea mbele kwa umeme wa waya, ikajaribu tena, au ikageuzwa kurudi kaskazini bila kuziba handaki kwa wengine wote.

Niliwahi kuona faida ya kipande cha namna hiyo usiku wa baridi kali, mahali pa wazi, si hapo kwako. Treni ilikuja kwa umeme wa juu, dereva akashusha pantografu, akachagua reli. Kioo mbele yake kikaandika kwamba hakuna volti. Nilikuwa chini kando ya njia na mwenzangu mwenye tochi. Alipomulika, tukaona juu ya reli ya tatu utando wa barafu, mwembamba na unaong'aa kama glasi, na kiatu kimekaa juu yake kwa utulivu bila kugusa chuma. Umeme ulikuwepo kwenye reli, ila treni haikuuona, na kwa kuwa haikuuona ilikataa kuunga. Dereva akainua tena pantografu, akasogea mita chache kwa umeme wa waya huku viatu vikikwangua barafu. Akasimama, akarudia zoezi, ikashika. Abiria walikaa kama dakika 12 wakidhani treni imeharibika, na hakuna aliyewaambia neno. Hilo la kutowaambia liliniuma kuliko barafu, na ndiyo sababu moja ninajibu barua kama yako kwa urefu.

Pengine itakutuliza pia kujua kwamba kazi hii si ya majaribio. Kule New York imefanyika tangu 1907. Ajali ya Januari 1902 kwenye handaki la Park Avenue, ambamo moshi na mvuke viliziba macho ya dereva, ilisababisha treni za mvuke zipigwe marufuku kuingia Manhattan kuanzia 1908. Kampuni moja, New York Central, ikaweka reli ya tatu ya DC kuelekea kituo cha Grand Central. Jirani yake, New Haven, ilichagua waya wa juu wa AC wa volti 11,000, lakini treni zake zililazimika kupita kwenye njia za mwenzake. Wahandisi wakatengeneza injini zinazoweza vyote viwili, zikibadili zikiwa mwendoni. Leo treni za Metro-North za njia ya New Haven bado hubadili zikitembea, kati ya vituo vya Pelham na Mount Vernon East, kutoka waya wa volti 12,500 kwenda reli ya volti 750. Zinaserereka bila kuvuta kwa muda, kisha zinashika. London penyewe, mbali na Farringdon, mabadiliko hufanyika Acton Central na Drayton Park. Hamburg yanafanyika jirani na Neugraben. Boston, kwenye njia ya treni za mjini iitwayo Blue Line, hubadilisha katika kituo cha Airport, na pale kazi ni nyepesi zaidi maana juu na chini ni DC ileile.

Ukiniuliza mimi ni wapi ugumu halisi ulipo, sitakuonyesha treni. Nitakuonyesha ardhi. Umeme ukishatumika hurudi kituoni kupitia magurudumu na reli za kawaida. Njia ya DC inataka reli hizo zisishikane na ardhi, kwa sababu umeme wa DC ukivuja udongoni huyala mabomba ya maji na vyuma vya madaraja mpaka yakatoboka. Njia ya AC inataka kinyume chake, reli na kila nguzo viunganishwe na ardhi barabara, ili waya ukikatika na kuanguka breka ikate mara moja na mtu aliyegusa nguzo asidhurike. Sasa weka mifumo yote miwili kwenye njia moja, kama kati ya Farringdon na City Thameslink, uone inavyopingana. Ongeza kwamba ishara za treni hutambua treni iko wapi kwa umeme mdogo unaopitishwa kwenye reli hizohizo, na umeme wa kurudi unaweza kuuvuruga. Kwa hiyo huwekwa viungio vya kutenganisha, transfoma za kutenga, na aina maalumu za ishara. Abiria haoni lolote kati ya hayo, lakini hapo ndipo wenzangu wanapopoteza usingizi.

Swali lako la kwa nini wasiweke aina moja ni la haki, na jibu lina historia ndani yake. Kusini mwa London waya wa juu uliwahi kuwepo. Kampuni ya London, Brighton and South Coast Railway ilianza kutumia waya wa AC wa volti 6,700 mwaka 1909, lakini kampuni ya Southern Railway ikaamua mwaka 1926 kufuata reli ya tatu kila mahali, na treni za waya zikakoma mwaka 1929. Wakati ule uamuzi ulikuwa na akili: reli ya tatu haihitaji kuinua madaraja wala kupanua mahandaki, unailaza tu pembeni juu ya vihami vya kauri. Mwaka 1956 Uingereza ikachagua volti 25,000 kuwa kiwango cha njia mpya, na mpaka ukabaki pale zama mbili zilipokutana. Kuweka waya kusini yote kungeleta treni zenye kasi zaidi na upotevu mdogo wa umeme. Rekodi ya kasi kwenye reli ya tatu, iliyowekwa mwaka 1988, ni takriban kilomita 175 kwa saa, na kwenye waya hiyo ni kasi ya kawaida. Lakini gharama ni madaraja, mahandaki na miaka mingi ya kufunga njia zinazobeba watu kila siku. Kupeleka reli ya tatu kaskazini hakufai hata kujadiliwa. Hatari ya kuacha chuma chenye umeme usawa wa kifundo cha mguu ni kubwa mno. Mimi ningeendelea na treni za mifumo miwili mahali pa mpaka, na kuweka waya palipo wazi kila njia inapofikia umri wa kujengwa upya. Wapo wahandisi wazuri wanaotaka haraka zaidi kuliko mimi.

Nimalizie kwa mwanao, kwa sababu hapo ndipo hofu yako ina msingi kuliko kwenye kubadili umeme. Reli ya tatu kwa kawaida huwekwa upande wa mbali na jukwaa, na watu hudhani basi upande wa jukwaa hauna kitu. Viatu vya treni vimeunganishwa kwa nyaya. Kiatu cha upande wa mbali kikigusa reli, kile cha upande wa jukwaa kinachoning'inia hewani nacho kinakuwa na volti 750. Mtoto akiteleza kati ya treni na jukwaa, kuna hatari mbili hapo, treni na kiatu. Kwa hiyo asivuke mstari wa manjano hata treni ikiwa imesimama. Simu au mdoli ukianguka kwenye njia, usishuke na usitumie mwavuli kuuvuta. Mwite mfanyakazi wa kituo, yeye ana kifaa cha kuokotea. Na kwa waya wa juu usisubiri kugusa. Umeme wa volti 25,000 unaweza kuruka, kwa hiyo mtu au kitu alichoshika, puto la kung'aa likiwemo, kisikaribie waya chini ya kama mita 3.

Siku treni ikikaa kimya zaidi ya dakika chache, kaeni ndani. Bonyeza kitufe cha kuzungumza na dereva ikiwa kuna mgonjwa au moshi. Usifungue mlango mwenyewe, kwa kuwa taa za ndani kuzimika hakumaanishi reli ya nje imezimwa, na hakuna njia ya kujua kwa macho. Mtashuka pale tu mfanyakazi atakapokuja na kusema umeme umekatwa. Ukihisi harufu ya kuungua, au ukiona cheche zinazoendelea treni ikiwa imesimama, mwambie mfanyakazi hapohapo badala ya kuniandikia mimi. Hilo linahitaji jicho la mtu aliyepo.

Na kama anapenda kuona mitambo, mpeleke siku ya mapumziko Farringdon kwenye jukwaa la treni zinazokwenda kusini. Simameni nyuma kabisa ya mstari, mtafute behewa lenye mkono uliogusa waya, na mwambie ahesabu tangu mkono uanze kushuka hadi kiyoyozi kivute pumzi tena.